Spika Aliyeshuka Kitini

“Babu Asahel, ni kweli walikufanya Spika wa Bunge halafu wewe ukakikimbia kiti?”

Nilimwuliza hivyo nikiwa mtoto wa miaka saba, nimekaa juu ya pipa, mdomo umejaa sukari ya maple, ile inayochemshwa kutoka utomvu wa mti. Yeye alikuwa anapigilia mkanda wa pipa jingine. Alizunguka, akagonga, akazunguka, akagonga. Kisha akasema, “Shuka hapo, mtoto, utanivunjia mfuniko.” Nikashuka, na swali langu likashuka nami.

Kumbe halikuwa swali langu peke yangu. Gilsby nzima ilikuwa ikijiuliza, ila watu wazima waliliuliza yeye akiwa amekwisha kupita. Nikaendelea kumwuliza kila aliyekubali kuulizwa: mkewe Bibi Jerusha, Shemasi Fenn aliyekaa naye benchi moja bungeni, na mzee mmoja wa Ludbury ambaye mpaka leo akisikia jina la Asahel Peaslee hutema mate kwanza ndipo aendelee. Walichoniambia ni hiki.

Asahel Peaslee alikuwa fundi wa mapipa. Alipanda huku milimani baada ya vita na Mwingereza akiwa na shoka, mke, na ng'ombe mmoja aliyekuwa na hasira kuwashinda wote wawili. Gilsby iko juu kabisa, mahali ambapo theluji hufika mwanzo na kuondoka mwisho, na ukilima shamba lako unavuna mawe kwanza. Lakini tulikuwa mji. Tulikuwa na mkutano wetu wa mji, shule yetu, makaburi yetu, na kila Septemba tulimchagua mtu wetu wa kwenda Bungeni, sawasawa na miji minene ya mtoni yenye vinu na maduka. Kila mji mbunge mmoja, mkubwa kwa mdogo. Tajiri hakuongezewa wala maskini hakupunguziwa.

Mtu wetu alikuwa Asahel, na alichaguliwa kwa sababu ya sauti. Mtu anayeshinda akigonga mapipa huzoea kusema juu ya makelele. Alipowaita ng'ombe wake jioni, ng'ombe wa Ludbury, chini kule mtoni, waliinua vichwa.

Bunge siku hizo halikuwa na nyumba yake. Lilihamahama kama fundi viatu asiye na kibanda, Oktoba hii mji huu, Oktoba ijayo mji ule, likiazima kanisa hapa na ukumbi wa nyumba ya wageni pale. Popote lilipokwenda Asahel alikwenda nalo, na popote alipokaa Asahel hakuna mbunge aliyesinzia. Aliyechoshwa naye kupita wote ni Wakili Lucius Ormsby wa Ludbury. Wakili huyu alikuwa na kinu cha kupasulia mbao, ulimi wa asali, na nia moja: kuifuta Gilsby. Alikuwa ameandika muswada wa kuiunganisha na Ludbury. Misitu yetu ingekuwa yake ya kupasua, mikono yetu ingetengeneza barabara zake, na mkutano wa mji ungefanyika huko chini. Sasa niambie, theluji ikifika kiunoni, nani angeteremka mlima kwenda kunyoosha mkono? Wangeamua mambo yetu wenyewe karibu na moto wao. Na Bungeni tusingekuwa na mtu tena.

Mwaka wa kwanza aliuleta, Asahel akauua kwa kelele. Mwaka wa pili vilevile. Alisimama akasema, akapumua, akasema tena, mpaka wabunge wenye njaa wakaona heri wauahirishe waende kula.

Mwaka wa tatu Ormsby akaja na dawa.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kikao, wamekusanyika kanisani, kazi ya kwanza kuchagua Spika. Ormsby akasimama, akatabasamu kulia, akatabasamu kushoto.

“Waheshimiwa, kila mwaka Spika anatoka mtoni. Kwani milimani hakuna wanaume? Mimi nampendekeza mtu ambaye sauti yake peke yake inatosha kulinyoosha Bunge hili. Mheshimiwa Peaslee wa Gilsby!”

Asahel aliona raha. Ni kwa muda mfupi tu, Bibi Jerusha anasisitiza, lakini aliona. Nani asingeona? Kisha kiwiko cha Shemasi Fenn kikamwingia mbavuni.

“Unachekea nini, Peaslee? Spika hachangii.”

“Hachangii nini?”

“Mjadala! Spika kazi yake ‘wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo’, basi, kama kasuku. Hata kura hapigi, ila zikifungana. Umevikwa kilemba cha ukoka, ndugu yangu, nawe unajitazama kwenye kioo.”

Asahel akageuka. Mikono ilikuwa imekwisha kunyooshwa ukumbi mzima, na wa kwanza kunyoosha walikuwa watu wa mtoni. Akaruka wima.

“Sitaki!”

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo niliposimuliwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikapaliwa. Kwetu mtu akichaguliwa Spika hatakiwi kukubali. Adabu inamtaka akatae. Aseme hafai, hana elimu, wapo wanaomzidi. Wenzake wawili humshika mikono wamvute mpaka kitini, naye huburuza miguu kidogo, kwa heshima. Anayekwenda upesi huonekana mroho.

“Sitaki, jamani! Sifai!”

“Anasema hafai!” Makofi.

“Tafuteni mwingine!”

“Sikieni unyenyekevu huo!” Makofi zaidi.

“Nyinyi viziwi! Nimesema siendi! Siendi, siendi, siendi!”

Mzee mmoja wa mbele akafuta machozi. “Nimeona Maspika wengi,” akamwambia jirani yake, “lakini hakuna aliyewahi kukataa vizuri namna hii.”

Wanaume wawili wakamshika. Ukumbi wa kanisa lile ulikuwa na mabenchi yaliyozungushiwa mbao, kila kizimba na kijilango chake, na Asahel akaking'ang'ania kijilango. Wakavuta, akashikilia. Wakavuta tena, bawaba zikang'oka, na mbunge wa Gilsby akapandishwa kitini akiwa amekumbatia kijilango cha kanisa, Bunge zima limesimama linashangilia malezi yake mema.

Ndivyo walivyomfunga mdomo. Siku zilizofuata alikaa juu, nyundo mkononi, akiwasikiliza watu wasiojua jembe wakizungumzia kilimo. Kila alipofumbua kinywa kusema lake, Katibu alikohoa chini yake. “Mheshimiwa Spika, kanuni.” Akafumba. Shemasi Fenn anasema ungeweza kuyaona maneno yakishuka kooni mwake, moja moja, kama mtu anayemeza mawe.

Huku nyumbani hakuna aliyejua hayo. Habari iliyofika Gilsby ilikuwa moja tu: tumetoa Spika! Sisi wa mawe na theluji! Kengele ikagongwa mpaka kamba ikakatika. Crane mwenye duka, mtu ambaye hajawahi kumpa mtu hata msumari uliopinda, akafungua pipa la pombe ya tufaha watu wakanywa bure. Bibi Jerusha akapakia gari jibini na soksi za sufu, akaenda kumwona mumewe katika enzi yake.

Alimkuta nyumba ya wageni, ameinamia sahani ya maharage na nyama ya nguruwe ambayo hajaigusa.

“Mheshimiwa Spika!” akamwita kutoka mlangoni. “Mbona una uso wa fahali aliyefungwa kwenye zizi la jirani?”

“Kaa, Jerusha.”

“Nikae? Huko nyumbani napishwa njia! Mke wa Crane, yule yule aliyetangaza kwamba mapipa yako yanavuja, juzi kanibebea ndoo. Kanibebea, Asahel, mpaka mlangoni!”

Akamweleza. Kilemba, ukoka, Ormsby, muswada utakaosomwa mara ya mwisho wiki ile ile. Bibi Jerusha alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo mwenyewe anasema halikuwa kawaida yake.

“Na kura zikifungana? Si utapiga yako?”

“Ormsby kusali hajui, lakini kuhesabu anajua. Hazitafungana.”

“Basi kaa hapo hapo ulipo.”

“Jerusha!”

“Usinitumbulie macho. Watu wamefurahi kule, hujawaona. Wazee wanatembea wamenyooka. Ukishuka utawaambia nini?”

“Nitawaambia kiti kilikuwa kigumu.”

“Miaka yote hiyo unakalia mapipa, leo uje useme kiti kigumu? Watakucheka mpaka uzeeni. Na mimi nitabeba ndoo zangu mwenyewe.”

Asahel akacheka, lakini maharage hakuyala. Bibi Jerusha ndiye aliyeyamaliza, kwa sababu yalikuwa yamelipiwa.

Siku ya muswada Bibi Jerusha alikaa roshani na ufumaji wake. Ormsby hakupiga kelele. Alisema polepole, kama daktari anayemwambia mgonjwa kwamba hakitauma. Gilsby ni ndogo. Gilsby iko mbali. Gilsby itafaidi barabara. Kisha akatandaza mikono.

“Waheshimiwa, mnaogopa nini? Mnaogopa tutaonekana tumewaonea? Mji wenyewe umeridhika. Mtu wa Gilsby si yule pale juu? Masikio anayo, akili anayo, na sauti yake wote tunaijua. Miaka yote tulimsikia. Mwaka huu kuna aliyemsikia akipinga?” Akageuka, akainamisha kichwa kuelekea kitini. “Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa ukimya wako.”

Sindano za Bibi Jerusha zikasimama. Kuhusu uso wa Asahel wakati ule wasimulizi hawapatani. Shemasi anasema ulikuwa mwekundu, yule mzee wa Ludbury anasema ulikuwa mweupe. Bibi Jerusha anasema wote hawakutazama vizuri, maana yeye aliona kwamba Asahel hakuwa hata anamwangalia Ormsby. Alikuwa anaangalia kule nyuma ya ukumbi, na aliangalia kwa muda mrefu.

Kisha akaiweka nyundo mezani, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akasimama. Akashuka ngazi.

“Mheshimiwa Spika!” Katibu akashtuka. “Unakwenda wapi? Bunge halijaahirishwa!”

“Kwangu.”

“Huwezi kuacha kiti bila ruhusa ya Bunge!”

“Lihoji basi linipe.”

Bunge huhojiwa na Spika, na Spika alikuwa anapita katikati ya mabenchi akikanyaga miguu ya watu.

“Utaratibu!” Ormsby akapaza sauti, na asali yote ikamwagika. “Utaratibu, Mheshimiwa Spika!”

“Mwambie yule pale,” akasema Shemasi Fenn, akionyesha kiti kitupu. “Labda leo atakujibu.”

Ukumbi ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho watu wa mtoni wakaanza kuelewa walichojifanyia. Mtu mmoja tu katika Bunge zima ana mamlaka ya kumnyamazisha mbunge, naye ni Spika. Wao walimchukua mbunge waliyetaka anyamaze wakamfanya ndiye Spika. Sasa kiti kiko wazi, na hakuna chini ya mbingu mwenye haki ya kumwambia Asahel Peaslee akae.

Alifika kwenye benchi lake la nyuma. Akageuka.

“Haya,” akasema, “sasa nyamazeni nyinyi. Maneno ya siku zote hizi yamenikaa kooni, na yanawasha.”

Hotuba ile haikuandikwa popote, kwa sababu Katibu alikataa kuandika maneno ya kikao kisicho na Spika. Lakini Shemasi anaikumbuka, na Bibi Jerusha humsahihisha.

“Mnasema tu wachache. Kweli, tu wachache! Bunduki zilipotakiwa, kuna aliyekuja Gilsby akasema nyinyi wachache, bakini nyumbani? Mnasema tuko mbali. Mbali na nini? Mimi nikiamka asubuhi niko pale pale nilipo. Nyinyi ndio mko mbali! Wakili anatuahidi barabara. Barabara tunaijua sisi. Mawe tutavunja sisi, mbao zitapita zake. Mnataka kutufuta? Tufuteni. Pigeni kura. Lakini hamtapiga huku mnajidanganya kwamba Gilsby imeridhika. Gilsby inasema hapana. Inasema hapana sasa, na itasema hapana mtakapoandika, na itasema hapana mtakapopiga muhuri. Na mwakani, kama hamtanipa benchi, nitasimama nje ya dirisha kama mwuza samaki, niseme hapana kutoka huko!”

“Sema, Peaslee!” Wabunge wa milimani wakaanza kugonga sakafu kwa viatu.

“Na wewe wa Corliss unayechezea vifungo, na wewe wa Dunmore Gore, mnafikiri akitumaliza sisi atashiba? Nyinyi ni wadogo kama sisi. Yeye anakula kutoka pembeni kuja katikati, kama panya na jibini.”

Wa Corliss akaacha vifungo.

Kura isingeweza kupigwa bila Spika, na hapo ndipo kikao kilipogeuka kichekesho. Kila mtu alikuwa ameona kiti kile kinafanya nini. Likatajwa jina la binamu ya Ormsby. Akakataa, na safari hii hakuna aliyesifu unyenyekevu, kwa sababu alikataa akitetemeka. Likatajwa la pili, mwenye jina akatoka nje kumwangalia farasi wake. Ndipo Shemasi Fenn akasimama, uso wa ibada kabisa.

“Sisi wa milimani tunampendekeza Wakili Ormsby. Amesema sana. Apumzike.”

“Sitaki!” Ormsby akaruka.

“Oo, sikieni jinsi alivyolelewa!” akasema Shemasi.

Ormsby akaapa kwamba ana homa. Mwisho wakamkalisha mzee mmoja wa upande wa ziwani ambaye masikio yake yalikuwa mazito, naye alikubali kukaa kwa sababu kiti kilikuwa karibu na jiko. Kura ikapigwa jioni. Wa Corliss akasema siyo. Wa Dunmore Gore akasema siyo. Muswada ukaanguka, kwa kura chache, lakini ukaanguka na haukuinuka tena.

Ungedhani Gilsby ingegonga kengele. Mimi nilidhani hivyo, nikauliza, na Bibi Jerusha akanitazama kwa huruma.

Walirudi nyumbani na gari lao, magunia yaliyokuwa na jibini yakiwa matupu. Crane alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake.

“Tulisikia umekuwa mkubwa, Peaslee.”

“Nilikuwa.”

“Na sasa?”

“Sasa una mji.”

“Mji nilikuwa nao tangu zamani,” akasema Crane. “Spika ndiye sikuwahi kuwa naye.”

Na ndivyo walivyoona karibu wote. Mtu humshukuru nani kwa kitu ambacho hakikupotea? Mji ulikuwepo jana, upo leo. Heshima ilikuwepo jana, leo haipo, na aliyeitupa ni Asahel. Septemba iliyofuata wakakusanyika shuleni kuchagua mbunge, katika mji ule ule, kwa benchi lile lile alilowaokolea, wakamchagua Crane. Kura moja ikamwendea Peaslee.

“Hiyo ni yangu,” Asahel akasema kutoka nyuma. “Nimejipigia mwenyewe, msisumbuke kutafuta msaliti.”

Hakurudi Bungeni tena. Crane alikwenda mwaka hadi mwaka, na inasemekana alilala vizuri sana huko. Mke wa Crane akaacha kubeba ndoo za watu. Sisi watoto tulikuwa na mchezo: anayeruka kutoka juu ya ukuta wa mawe lazima apige kelele, “Spika kashuka!” Asahel akipita akatusikia hakukasirika. Alisimama akatukosoa. “Piga kelele vizuri, bwana! Unashuka au unaanguka?” Na katika kila mkutano wa mji alikuwa pale nyuma, anapinga barabara mbovu, anapinga mwalimu mvivu, anapinga bei ya kengele mpya, na hata alipoachwa peke yake na mkono wake mmoja hewani, aliuacha hewani mpaka uhesabiwe.

Septemba hii nilirudi likizo kutoka chuo cha huko mtoni, nina miaka kumi na sita, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za shule baada ya uchaguzi. Sauti imempungua. Amekuwa mtu wa kusogelewa ndipo umsikie, jambo ambalo sikuwahi kufikiri linawezekana. Nilimsalimu, nikataka kupita.

“Wewe uliniuliza kitu,” akasema.

“Lini, Babu?”

“Ulikuwa unanimalizia sukari.”

Nikakaa chini upesi. “Mbona hukunijibu?”

“Ulikuwa na midomo miwili, mmoja wa kula na mmoja wa kusimulia.”

“Ninao bado.”

“Basi simulia vizuri.” Akanyoosha mguu wake, ambao siku hizi unamsumbua, akautazama kama si wake. “Kiti kile kiko juu, kwa hiyo unaona kila mtu. Ludbury niliiona, imekaa. Corliss imekaa. Miji ya ziwani imekaa, inapiga miayo. Yule bwana aliponishukuru kwa ukimya wangu, nikatupa jicho kwenye benchi letu. Fenn alikuwa ukingoni kwake, na kando yake palikuwa na ubao mtupu. Hapo ndipo Gilsby inapokaa, binti. Hapakuwa na mtu. Kura hazijapigwa, na sisi tumekwisha kutoka, na aliyetutoa ni mimi, kwa makalio yangu mwenyewe, nimekalia kiti laini cha velveti. Wewe ungekaa?”